Nimenunua kibodi nzuri, haiwezi kuandika maneno ya bibi yangu

Shangazi Pirihira mpendwa, shikamoo.

Nakuomba msaada, na kabla ya msaada nakuomba usinitaje jina, maana hapa Huntly ukikohoa asubuhi ng'ambo hii ya mto, mchana ng'ambo ya pili wameshaanza kukuchangia dawa. Safu yako namsomea bibi yangu kila Alhamisi gazeti likifika, kwa sababu macho yake yamebakiza mwanga tu na vivuli, kwa hiyo ukiichapisha barua hii itabidi niuruke ukurasa na kumwambia wiki hii hukuandika. Hilo nalo litakuwa uongo, nami tayari nina uongo mmoja unaonitosha.

Nina miaka kumi na sita na si mtu wa maneno. Shule ya msingi nilisoma kwa Kimaori, kila kitu Kimaori hata hesabu, halafu sekondari nikapelekwa ya Kiingereza, na tangu hapo lugha zote mbili zikiona watu zinanikimbia, hii huku ile kule, nabaki natabasamu kama mbwa aliyevunja sahani. Ila nikiandika zinarudi, zinakuja zenyewe na kukaa. Ndiyo maana babu alipofariki mwaka jana, na ukoo ukapanga jiwe lake la kaburi lifunuliwe wiki ya Pasaka, wakasema bibi asimulie maisha yao wawili, mimi niandike, kitoke kitabu kidogo cha kumpa kila atakayekuja siku hiyo. Nilifurahi mno, Shangazi, sikulala, kwa sababu hiyo ndiyo kazi pekee duniani ninayoiweza, na walinipa mimi.

Shangazi zangu wakachanga. Shangazi Mereana, yule mwenye sauti kubwa, akaniwekea bahasha mezani akasema, "Haya mwandishi wetu, kanunue kibodi ya maana. Hiyo ya kompyuta yako imeng'oka herufi e, na Kimaori bila e ni sawa na supu bila maji." Nikataka kumshukuru vizuri, kwa maneno, nikaishia kumkumbatia na kumwagia chai.

Nilisoma mtandaoni wiki tatu nzima kuhusu kibodi za swichi, zile ambazo kila kitufe kina chemchemi yake chini, unakibonyeza kinakujibu. Watu wanabishana kuhusu swichi kama wajomba wanavyobishana kuhusu raga. Za bei kubwa niliziangalia tu kama mtu anavyoangalia nyumba za baharini, mwisho nikapata moja ya dola sabini, ndogo, ya rangi ya maziwa na vitufe vya kijani pembeni, yaani nzuri mpaka nikaona aibu kuitoa kwenye boksi. Swichi zake ni zile zinazolia. Siku nilipoichomeka nikabonyeza mara tatu tu, tak, tak, tak, bibi akapaza sauti kutoka jikoni:

"Nani kaniletea taipu humu ndani?"

"Ni kibodi yangu mpya, Bibi."

"Hebu piga tena." Nikapiga. Akaja anapapasa ukuta, mikono ina unga, akakaa. "Enhee! Hiyo sasa ndiyo mashine. Ile ya zamani ulikuwa kama unakanda mkate kwenye chumba cha pili."

Bibi yangu Te Rina alikuwa karani wa kupiga taipu kwenye ofisi ya mgodi wa makaa miaka thelathini na moja. Tangu siku hiyo kila nikirudi shule anakaa kando yangu na kufuma sweta, anasimulia, naandika, na sauti ya vitufe inamtuliza hadi anasahau kuuliza kama nimekula.

Sasa tatizo. Wewe unajua Kimaori kinavyotaka irabu ndefu ijulikane kuwa ndefu, shuleni tunaiwekea kistari juu, na kistari kwenye kompyuta kinatoka kwa kitufe kilicho kushoto mwa namba moja, unakibonyeza halafu unabonyeza irabu. Kibodi yangu haina kitufe hicho, Shangazi. Wiki tatu za kusoma, nilisoma swichi, nilisoma rangi, nilisoma hata waya, sikuhesabu vitufe. Kushoto mwa moja pana kitufe cha kufungia madirisha ya kompyuta, basi. Siku ya kwanza nilipokitafuta bibi akasikia nimesimama, akauliza kulikoni, nikamwambia nahangaika na kistari.

"Kistari cha nini? Sisi tulikuwa tunairudia herufi. Ikiwa ndefu, a mbili. Taipu haikuwa na vistari, na maneno yalifika salama."

Na mimi, ambaye mbele ya watu siwezi hata kusema nipitishieni chumvi, siku hiyo nikapata mdomo. Nikasema, "Bibi, siku hizi hatuandiki hivyo. Hiyo ni ya kizamani, mwalimu anakata."

Bibi akaanza kuhesabu vitanzi vya sweta yake kwa sauti, na najua vitanzi alikuwa ameshavihesabu.

Nikajiambia nitaandika bila vistari, nije kuviweka vyote baadaye. Bibi akisimulia naandika, tak tak tak, mpaka tukafika kwenye neno la babu. Babu alikuwa kila alfajiri akienda mgodini anasimama mlangoni anasema neno moja tu, taaua, yaani mimi na wewe, kisha anaondoka. Miaka arobaini na tano. Nikaliandika. Bibi akasimamisha sindano zake akauliza, "Mbona neno hilo limekuwa fupi?"

Nikasema, "Mashine inaweka kistari yenyewe, Bibi."

Sijui kwa nini nilisema vile, labda kwa sababu tulikuwa na furaha na sikutaka kuivunja. Akasema, "Ajabu za siku hizi," akaendelea kufuma.

Jumapili iliyopita tulikuwa marae, kwenye uwanja wetu wa mikutano, watu wa ukoo wote, tunasafisha uwanja na jumba la kulia kwa ajili ya Pasaka, na Shangazi Mereana akaziona karatasi za majaribio kwenye begi langu. Akapanda kwenye benchi na kusoma kwa sauti, watu wana vikombe mkononi na mkate wa kukaanga, na akafika pale, akasoma kama nilivyoandika, kwa a moja, taua. Wewe unajua neno hilo kwa a fupi ni nini, ni kikosi cha wapiganaji wanaokwenda vitani.

"He! Mama!" akapiga kelele. "Kumbe Baba alikuwa anasimama mlangoni kila asubuhi anaita jeshi?"

"Si ajabu," akadakia mjomba mmoja, "mimi nimekula kwenye nyumba ile, vita vilikuwepo!"

Watu wakacheka, kicheko kizuri tu, cha ukoo, na mimi nikawa nimesimama na kitambaa cha kufutia vyombo, nataka sakafu inimeze. Bibi naye akacheka. Halafu akasema, "Kosa langu hilo. Mimi ndiye niliyemtamkia mtoto vibaya, meno haya mapya yananilia maneno."

Meno yake hayana shida yoyote, Shangazi. Alilibeba kosa langu mbele ya watu wote, yeye aliyepiga taipu miaka thelathini na moja bila barua kurudishwa, na mimi sikufungua mdomo. Usiku huo alinishika mkono akasema kama anavyosema kila siku tukimaliza, "Asante mjukuu wangu kwa kunipa mikono na macho." Kila siku ananishukuru. Nami ndiye niliyepaswa kumshukuru yeye, na kila asante yake inaniingia kama mwiba wa samaki, haitoki wala haimezeki.

Kurasa sasa ni arobaini na tatu. Nilidhani kuviweka vistari baadaye ni rahisi, kumbe siwezi, kuna mahali sijui. Kwenye ukurasa wa mafuriko nimeandika matua alikuja na mtumbwi akawatoa watoto juu ya paa. Kwa a fupi ni baba, kwa a ndefu ni wazazi wote wawili, na kitenzi cha Kimaori hakihesabu watu. Alikuja baba peke yake au walikuja wote? Anayejua ni bibi tu, na nikimuuliza atajua kwamba mashine haikuwa inaweka chochote.

Naomba uniambie ninunue kibodi ipi ya bei ndogo inayofaa kuandikia, bila shangazi zangu kujua kwamba zawadi yao niliiharibu, maana nawashukuru sana na sitaki waone nimeichezea. Na uniambie kama inawezekana kurekebisha kurasa zote bila bibi kujua. Samahani kwa urefu wa barua. Nikianza kuandika sijui kunyamaza, kama vile nikiwa na watu nisivyojua kuanza.

Mimi,
Kibodi Ndogo

*

Kibodi Ndogo, mwanangu, marahaba.

Vuta kiti nikugombeze vizuri, halafu tutakunywa chai, na ya kwako nitaimimina mwenyewe.

Nianze na lililo jepesi. Mimi mashine sizijui, kwa hiyo nilimpigia mpwa wangu Tuuroa, anayetengeneza kompyuta kule Hamilton na kuuza zilizotumika sokoni Jumamosi. Nilipomsomea barua yako akacheka hadi nikamuuliza kama anataka kulala bila chakula siku akija kwangu.

"Shangazi, simcheki yeye," akasema. "Mimi mwenyewe nilinunua hiyohiyo. Nusu ya vijana wa Kimaori wa bonde hili wana hiyo kibodi, na wote wanaandika majina ya bibi zao vibaya."

Kwa hiyo kosa si lako peke yako, ni la ukoo. Tuuroa anasema kitufe chako hakijapotea, kimejificha. Kwenye nyingi ya hizo ndogo unashikilia kile kitufe cha chini kilichoandikwa Fn, ukabonyeza cha kona ya juu kushoto, kisha irabu. Kinatoka. Lakini kufanya hivyo kwa kurasa arobaini na tatu, vidole vitakulaani. Alinitajia pia namna ya kubadilisha vitufe kwa programu. Sikuelewa, basi siiandiki.

Ya kununua ni hii. Usitazame rangi. Tazama kushoto mwa namba moja. Ukikuta pale kitufe chenye kialama kidogo kama kovu, na kile cha kufungia madirisha kimepanda safu ya juu yake, hiyo ndiyo kibodi yako, hata kama ina sura ya tofali. Chukua yenye waya, ni rahisi kuliko isiyo na waya na haifi katikati ya sentensi. Taa za chini usizilipie, bibi yako hazioni na wewe hufanyi disko. Piga kucha juu ya herufi: ikiwa imechapwa juujuu itafutika kabla ya Pasaka nyingine, itakuwa hadithi ile ile ya e yako. Na swichi, mwanangu, ziwe zile za buluu, zinazolia. Watu watakwambia nyekundu ni za kimya na za kahawia ni za katikati. Wao hawana bibi anayesikiliza. Tuuroa anayo moja ya aina hiyo, imetumika kidogo, na amesema mbadilishane na yako bila kuongeza hata senti, kwa sababu kuna kijana wa michezo ya kompyuta anaililia hiyo ya maziwa. Nenda Jumamosi. Shangazi Mereana akupeleke.

Ndiyo, nimemtaja Mereana; jina lako tu ndilo uliloniomba nilifiche. Unataka kuwaficha watu waliokuchangia kwa mapenzi kitu ambacho kingewachekesha? Panda kwenye gari lake, mwonyeshe kibodi, mwambie, "Shangazi, nilisahau kuhesabu vitufe." Atacheka kuanzia Huntly hadi Hamilton, atawasimulia wenzake, na Pasaka atakuita jeshi. Baada ya hapo yatakuwa yamekwisha. Kicheko cha shangazi hakijawahi kuua mtu bonde hili. Kingekuwa kinaua, mimi ningezikwa nikiwa na miaka tisa.

Sasa tuje kwenye zito.

Ulimwambia mwanamke wa mto huu kwamba kurudia herufi ni kizamani. Mwanangu! Mwalimu wako yuko sahihi darasani kwake, akitaka kistari mpe kistari. Lakini huku kwetu, bonde la mto Waikato, tunarudia herufi hadi leo, makusudi, kwa fahari, na waliotufundisha kufanya hivyo ni wanawake kama Te Rina, waliokaa mbele ya mashine zisizolijali neno letu hata moja wakalazimisha lugha ipite humohumo. Hawakusubiri kibodi iliyo sahihi. Walibonyeza a mara mbili. Kitufe ulichokuwa unakitafuta wiki zote hizo kilikuwa chini ya kidole chako cha mwisho cha mkono wa kushoto.

Kwa hiyo kibodi mpya ni ya kazi zako za shule. Kitabu cha bibi yako kiandike kwa tahajia yake. Ni maisha yake, yavae nguo zake.

Na hilo la kurekebisha bila yeye kujua, naomba usiniulize tena. Unafikiri hajui? Mtu aliyepiga taipu miaka thelathini na moja, macho yakamwacha masikio yakabaki, anakaa karibu nawe kiasi cha kusikia pumzi zako, na swichi zako zinalia kama karanga kwenye kikaango. Alikuuliza mbona neno limekuwa fupi. Alisikia milio minne, mwanangu. Alikuwa anasubiri wa tano. Ulipomwambia mashine inaweka yenyewe alijua kwamba unamdanganya, na alijua pia kwamba umeona aibu, akaichukua ile aibu akaiweka mfukoni mwake hadi siku aliyoilipia kwa meno yake mwenyewe mbele ya ukoo. Hiyo ndiyo asante anayokupa kila jioni. Anakushukuru huku anajua.

Msomee kurasa zote arobaini na tatu, kwa sauti, mstari kwa mstari. Kila irabu utakayokosea atakusimamisha. Utajua kama kwenye mtumbwi alikuja baba au walikuja wawili, na pengine utasikia ambayo hakukusimulia mara ya kwanza. Unasema maneno yanakukimbia mbele ya watu. Anza na mtu mmoja, asiyeweza kuona uso wako ukiwa mwekundu. Ukizimaliza arobaini na tatu, siku ya jiwe ukiombwa usome ukurasa mmoja, koo litakuwa limeshaijua njia. Nami nitakuwepo, nimekaa nyuma na sahani ya samaki mkunga wa kukaushwa kwa moshi, na ole wako unitazame ukasahau.

Kuomba msamaha sikuandikii maneno, kwa sababu umeshayaandika mwenyewe, tena vizuri kuliko ambavyo ningeweza mimi. Alhamisi hii ukurasa huu usiuruke. Msomee kuanzia juu kabisa, pale uliponiamkia. Sauti ikikatika, ngoja, inywe maji, iendelee.

Jana usiku, kabla ya kukujibu, nilikaa mbele ya kibodi yangu kuukuu nikaliandika neno la babu yako kwa njia ya shule yako, kitufe cha kistari kisha irabu, tāua, nikahesabu milio. Nikaliandika tena kwa njia ya bibi yako, taaua, nikahesabu. Milio ni mitano huku, na mitano kule. Kwa sikio hamjawahi kutofautiana.

Basi ukimaliza kusoma, usiseme kitu. Weka gazeti chini, vuta kibodi, uliandike neno lile polepole. Yeye atahesabu.

Shangazi yako,
Pirihira